Mapenzi Katika Jengo la Uvundo

Foleni ya vitambulisho ilianzia dirishani, ikapita mbele ya mashine za fotokopi, ikakunja kona ya mgahawa na kuishia chini ya ngazi, na kila aliyesimama kwenye foleni ile alikuwa ameziba pua kwa namna yake. Huyu kwa leso, yule kwa ukosi wa fulana, mwingine kwa kukunja uso tu. Ilikuwa wiki ya kupokea wanafunzi wapya. Mafuta ya mgahawani yaliyokuwa yakikaangiwa tangu alfajiri yalinuka, choo cha nyuma kilinuka, wino wa mashine ulinuka moto, na juu ya yote hayo ilishuka harufu nyingine kutoka darini, kali kama mkojo uliolala, isiyo na haya wala adabu. Kwenye karatasi za chuo liliitwa Jengo la Zamani. Wanafunzi waliliita Jengo la Uvundo, na hakuna aliyebisha.

Katikati ya msongamano ule alipita msanifu majengo. Alikuwa na suruali ya rangi ya maziwa iliyopigwa pasi ikanyooka kama kisu, blauzi ya kijani, hereni ndogo za shaba, na viatu vyeupe ambavyo hata yeye mwenyewe alijua havikuwa vya mahali pale. Kiunoni alining'iniza futi ya chuma. Kampuni yake ilikuwa imepewa kazi ya kulifufua jengo, na siku hiyo alikuja kulipima. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Juu yake, mwanamume mmoja alikuwa akishuka na ndoo. Mwanafunzi aliyekuwa akiwahi foleni akampiga kumbo, ndoo ikainama, na kitu cheusi, chepesi, chenye chembechembe kama mchele ulioungua, kikamwagika chote juu ya vile viatu vyeupe.

"Hee! Hiki nini?"

"Usisogee," mwanamume akasema. "Ukisogea utakikanyaga."

"Nimekuuliza hiki nini?"

Alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake la maabara limekosa vifungo viwili, nywele zimesimama kila upande. Akapandisha miwani puani. "Nikikuambia utapiga kelele."

"Niambie!"

"Mavi ya popo."

Akapiga kelele. Foleni nzima ikageuka.

"Pole sana, dada yangu."

"Dada yako nani? Dada yako unamwagia mavi?"

Foleni ikaangua kicheko. Yule mwanamume naye alitaka kucheka, akakimeza kicheko, akapiga magoti palepale na kuanza kupangusa viatu kwa leso yake.

"Nimeyakusanya asubuhi nzima kwa kijiko," alisema akiwa chini. "Nilitaka kujua wanakula wadudu gani. Sasa utafiti wangu wote umeuvaa wewe."

"Unautaka? Chukua. Na viatu chukua."

Wakaenda bombani kwenye ua wa nyuma. Bomba likakohoa, likanyamaza, kisha likatapika maji ya rangi ya kutu yenye kitu kama utelezi ndani yake. Msanifu akayatazama maji, akatazama viatu, akamtazama yule mtu aliyesimama na leso yake yenye mavi kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Akacheka bila kupenda.

"Unafundisha hapa?"

"Elimu ya wanyama. Wanafunzi wananiita Popo. Sasa hata mkuu wa idara ananiita Popo."

"Wana haki."

"Na wewe uliyekuja na futi kiunoni kama bastola? Basi nitakuita Bi Futi."

"Jaribu uone," akasema. Lakini alipoondoka jioni ile, namba ya Popo ilikuwa kwenye simu yake.

Kazi ya kupima ilichukua majuma, na Popo akajipa cheo cha mwenyeji. Hapakuwa na siku ambayo hakupita "kwa bahati". Akishika ncha moja ya futi, Bi Futi akishika nyingine, jengo likaanza kujisimulia.

Kwanza lilikuwa bweni la wasichana. Kulabu za vyandarua zilikuwa bado kwenye dari, safu kwa safu, na uani kulikuwa na mabamba ya saruji ya kufulia yaliyolainishwa na mikono ya watu. Wasichana walipozidi, walihamishiwa kwenye majengo mapya, na humu zikaingia ofisi za walimu. Vyumba vikakatwa katikati kwa mbao. Ofisi zilipohama, ikaingia maabara. Chumba kimoja mashariki kilikuwa bado na rafu za vyura ndani ya chupa, weupe kama unga, dawa imekauka nusu, na nusu ya juu ya kila chura imeota ukungu. Baada ya maabara, stoo. Baada ya stoo, ghorofa ya chini ikakodishwa kwa yeyote mwenye mashine ya fotokopi au karai la kukaangia. Kila aliyeingia alipaka rangi yake juu ya uchafu wa aliyetangulia. Bi Futi alipokwangua ukuta kwa kisu, rangi ilitoka kwa matabaka, kijani, krimu, buluu, kahawia, na kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na mafuta, masizi na mbawa za mende.

"Hawajawahi kuusafisha ukuta huu," alisema akiukunjia pua. "Wameufunika tu. Miaka yote hiyo."

"Ndivyo tulivyo hapa. Kikinuka, kipake rangi."

Kwenye ghorofa ya juu, mwisho wa ujia, palikuwa na mlango mmoja mzito uliofungwa.

"Humu?"

"Ilikuwa ofisi ya profesa mmoja mkubwa. Wenzake walipohama yeye alibaki, na alipostaafu ikafungwa. Ufunguo anao Meneja wa Majengo." Popo akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye zawadi mfukoni. "Utaiona tu. Usiwe na haraka."

Bi Futi hakuuliza zaidi. Alikuwa ameanza kupenda tabasamu lile.

Simu zikafuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula vipi? Nimeshinda na vyura wako. Kila nikifumba macho namwona mmoja ananitazama."

"Yule mkubwa wa rafu ya pili? Usimjali, ana wivu. Anajua nakupenda."

"Popo!"

"Naam, laazizi."

"Nawa mikono kabla ya kunipigia."

"Nimenawa mara tatu, na sabuni ya ufuaji."

"Basi sema tena hilo neno."

Akalisema tena. Na Bi Futi, mwanamke aliyekuwa akifuta kijiko cha hotelini kabla ya kula, akajikuta anampenda mtu ambaye mikono yake ilishinda kwenye kinyesi. Dada yake alimcheka mpaka machozi.

Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa na saluni ya vioo viwili karibu na kituo cha mafuta, mikono mepesi, na ulimi usiokosa shabaha. Zamani alisoma chuo hichohicho, akakiacha mwaka wa pili. Akiulizwa alisema masomo yalimshinda, na Bi Futi hakuwahi kuona sababu ya kutomwamini.

Siku Meneja wa Majengo alipoleta ufunguo, alileta pia picha kubwa ya mtu mwenye suti na upara unaong'aa, imewekwa kwenye fremu ya dhahabu.

"Baraza limeshaamua," Meneja alisema. "Jengo litapewa jina la Profesa huyu. Picha itakaa mlangoni. Na ofisi yake ibaki ilivyo, meza, kochi, kila kitu. Wageni wawe wanaingia kuona alipofanyia kazi."

Mlango ulifunguka kwa kilio. Hewa iliyotoka ilikuwa nzito, tamu, ya peremende zilizoyeyuka na ngozi iliyooza. Kulikuwa na meza pana. Kulikuwa na kochi jekundu, ngozi yake imebanduka vipande vipande, na sponji iliyo chini imekuwa nyeusi kwa ukungu. Dirisha lilipakwa rangi kwa ndani, vioo vyote, ili asionekane mtu. Bi Futi akageuka kuupima mlango, ndipo akaona komeo. Halikuwa mahali pa kawaida. Lilipigiliwa juu kabisa, karibu na fremu, kwa ndani, mahali ambapo mtu mrefu anainua mkono tu na mtu mfupi hafikii.

Akalitazama kwa muda. Kazi yake ilikuwa kujua kila kitu kimewekwa kilipo kwa nini. Alipolijua hilo, aliiachia futi ikajikunja kwa kishindo.

"Vipi?" Meneja akauliza.

"Hewa," alisema, akatoka.

Jioni hiyo alikuwa saluni, ameketi kwenye kiti cha wateja, dada yake akimsuka.

"Leo nimefunguliwa chumba kimoja kwenye lile jengo, Dada. Sijui nikueleze vipi. Nimeona kinyaa mpaka sasa. Ofisi ya profesa wanayetaka kulipa jengo jina lake. Ina kochi jekundu, na..."

Mikono kichwani mwake ikasimama.

"Komeo bado liko?" dada akauliza.

Bi Futi akamwona dada yake kwenye kioo. Uso ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine.

"Dada, umejuaje kuna komeo?"

Dada aliziachia nywele. Alitembea haraka hadi kwenye karo la kuoshea nywele, akashika kingo zake mbili, akatapika. Alipomaliza alifungua maji, akayaacha yatiririke, akaongea akiwa amempa mdogo wake mgongo.

"Aliniita nikachukue kazi yangu aliyosahihisha. Akanipa peremende. Mimi nilikuwa mrefu kidogo, na nilimng'ata mkono mpaka nikasikia mfupa. Nikafungua, nikakimbia. Matokeo yalipotoka, mtihani wangu wa somo lake haukuonekana. Nilipoenda kulalamika, waliniambia niende nikazungumze na mwenyewe. Ofisini kwake." Akafunga bomba. "Hiyo ndiyo maana ya masomo kunishinda. Sasa umejua. Usimwambie mtu."

"Dada..."

"Usimwambie mtu, nimesema. Hata huyo Popo wako."

Popo alipopiga simu, sauti ya mpenzi wake ilikuwa mbali.

"Una nini, kipenzi?"

"Nimeona kitu kimenichafua roho. Si changu kukisema."

"Basi Jumapili nitakusafisha. Mama anataka kukuona. Na Baba Mkubwa, aliyenisomesha baba alipofariki. Nina jambo la kukushangaza, utafurahi."

Alivaa gauni la rangi ya zambarau lililomfika chini ya magoti, akafunga kilemba cha rangi hiyohiyo. Nyumba ilikuwa kubwa, sakafu inang'aa. Mama yake Popo, mjane mpole mwenye macho ya uchovu, alimkumbatia akamkaribisha mezani. Kisha mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mzee mwenye fimbo na upara.

"Baba Mkubwa," Popo akasema kwa fahari, "huyu ndiye. Na yeye ndiye anayelisanifu jengo litakalokuwa na jina lako! Nilitaka mjue pamoja."

Mzee akanyoosha mkono wa kulia. Bi Futi aliutazama ukija. Kwenye ubavu wa kiganja, chini ya kidole kidogo, kulikuwa na kovu la nusu mviringo, alama moja moja. Mkono ukaushika wake, laini, wa moto, wenye unyevu, na kidole gumba kikaanza kumsugua kiganja taratibu.

"Karibu, mwanangu," alisema, na pumzi yake ilinuka peremende. "Wasanifu siku hizi ni wazuri hivi?"

Aliuchomoa mkono. Alisema kitu, hata yeye hakujua nini, akatoka nje, na hakufika mbali. Alitapika kwenye maua ya getini, kilemba kikaanguka.

Popo akaja mbio. "Umeugua? Ngoja nilete maji."

"Usiniguse."

"Nimefanya nini?"

"Ulijua! Ulisimama mbele ya ule mlango ukatabasamu! Hukuwahi kuniambia kwamba ni mjomba wako sijui baba yako mkubwa, ulificha!"

"Nilificha kwa sababu chuoni wangesema nimepata kazi kwa mgongo wake! Na nilitaka kukufurahisha. Nilijua nini?"

Alitaka kumwambia. Lakini siri haikuwa yake. Alimwangalia, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi alivyosimama, bega moja limeinama, sawasawa na yule mzee. Kwa kinyaa akarudi nyuma hatua moja.

"Mikono ya popo naiweza," alisema. "Hii ya kwenu siiwezi."

Akaondoka. Usiku haujaingia alikuwa ameshaifuta namba na kumfungia asimpigie.

Popo hakuwa mjinga. Alirudi ndani akamkuta mzee anakula kwa utulivu.

"Baba Mkubwa, unamfahamu yule binti?"

"Simfahamu. Lakini hiyo aina naifahamu." Mzee akatafuna, akacheka. "Wasichana wa chuo, mwanangu. Anakuja mwenyewe ofisini, kesho analia. Ukishakuwa profesa utawaona."

Popo akaacha kijiko. Tangu utotoni aliambiwa kovu lile ni la mbwa. Akalitazama sasa, akiwa mtu anayesoma alama za meno kwa kazi, na akaliona lilivyo. Akainuka, akaingia jikoni kwa mama yake.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Mama alikuwa akiosha sufuria. Aliendelea kuiosha ingawa ilikwisha takata.

"Tulisikia," alisema. "Alikuwa anakulisha. Anakulipia shule. Ningekwenda wapi na wewe?"

Siku ile Popo alifungasha nguo zake, akaenda kupanga chumba karibu na soko. Kwa siku nyingi chakula hakikumpita. Kila alichokula alihisi kimetoka kwenye mkono ule.

Kamati ya majengo ilikutana kupitisha michoro. Bosi wake Bi Futi alikuwa amemwonya: eleza mchoro, pokea pongezi, rudi ofisini. Asubuhi ile kabla ya kutoka, dada yake alikuwa amemfunga kilemba, akakikaza, akasema: "Mimi usinitaje. Lakini lile kochi sitaki watu wapelekwe kulitazama." Ilikuwa ruhusa, nusu tu, na ilimtosha.

Meza ilikuwa ndefu. Mwenyekiti alikuwa kichwani, Meneja wa Majengo kando yake, na upande wa pili Mkutubi Mkuu, mama mfupi aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho aliyosema kitu kikaoni. Kwenye kiti cha wageni alikaa Popo. Ingawa alikuwa amehama, ndiye aliyetumwa na familia kutoa ridhaa ya jina, kwa kuwa mzee miguu ilimsumbua. Hawakutazamana.

Bi Futi alieleza ghorofa ya chini, akaeleza ngazi, akaeleza matundu aliyoacha kwenye ukingo wa paa ili popo wasifungiwe kufa. Kisha akabandika mchoro wa ghorofa ya juu. Mwisho wa ujia hapakuwa na chumba. Palikuwa na uwazi, na dirisha kubwa.

"Ofisi ya Profesa iko wapi?" Meneja akauliza.

"Nimeivunja."

"Baraza lilisema ibaki!"

"Nitawaambia kilichomo, kisha mseme kama mnataka wageni wakione." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Kuna kochi. Kuna dirisha lililopakwa rangi kwa ndani. Na kuna komeo lililopigiliwa juu kabisa ya mlango, kwa ndani. Mimi ni msanifu. Komeo la kuzuia mtu asiingie huwekwa usawa wa kifua. Hili liliwekwa kuzuia mtu asitoke."

Mwenyekiti akakohoa.

"Mwanangu, hayo ni maneno ya mitaani. Profesa ameliletea chuo hiki heshima kubwa. Tusichafue watu kwa sababu ya komeo."

"Naomba nizungumze kwa niaba ya familia," Popo akasema, akasimama. Uso wake ulikuwa umekonda. "Yeye ndiye aliyenilea, na nimekula chakula chake. Mkononi ana kovu. Niliambiwa ni mbwa. Mimi nafundisha meno, Mwenyekiti. Yale si ya mbwa, ni ya binadamu. Na mzee mwenyewe nimemsikia akiwacheka wasichana waliotoka ofisini kwake wakilia. Ridhaa ya familia siitoi."

"Kijana, familia si wewe peke yako..."

"Mimi sikufikia," ikasema sauti.

Watu wakageuka. Alikuwa Mkutubi Mkuu. Alikuwa akiitazama meza.

"Lile komeo," alisema. "Liko juu. Mtu mfupi halifikii. Mimi ni mfupi."

Meneja wa Majengo alijishika shavu. Mtu fulani alivuta kiti. Na Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayepanga ratiba, akasema: "Nadhani tupumzike kidogo, tunywe chai."

Chai ikaja. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekunywa. Bi Futi alimwangalia akipuliza kikombe, akikoroga sukari, akifuta midomo, na hakuwahi kuona kitu kichafu kama hicho, si vyura, si maji ya bomba. Akaketi kando ya Mkutubi, akamshika mkono chini ya meza. Mama yule akaubana kwa nguvu, hakuuachia mpaka kikao kilipofungwa.

Hapakuwa na tangazo la haki wala la kuomba radhi. Lilitoka tangazo fupi kwamba Jengo la Zamani litaendelea na jina lake, na kwamba michoro imepita kama ilivyo. Mafundi walivunja ukuta. Kochi lilipoburutwa uani, sponji ilimwaga maji meusi na funza njia nzima, mafundi wakarukaruka wakitema mate. Ghorofa ya juu ikafanywa vyumba vya kusomea, na mwisho wa ujia, kwenye mwanga, wanafunzi wakaanza kukaa sakafuni na vitabu vyao bila kujua palikuwa nini. Bi Futi aliwatazama, akaona bora wasijue, kisha akaona hapana, na mpaka leo hajaamua.

Popo hakumfuata siku ile ya kikao. Alimpita mlangoni, akasema "Ahsante," akaenda zake.

"Yule kijana aliyesimama," dada akauliza baada ya kuambiwa yote, "ndiye huyo Popo?"

"Ndiye."

"Na umemfungia simu?"

"Nimemfungia."

"Mfungulie. Mwambie aje hapa. Na aje na mama yake. Mama yake ndiye nina neno naye."

Simu ikapigwa.

"Hallo?" Sauti ilikuwa ya mtu asiyeamini.

"Popo. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimekuwa nikiitazama hii simu mpaka naijua kila mkwaruzo."

"Dada anakuita. Na mama yako."

"Na wewe? Unaniita?"

"Njoo tu, Popo."

Walikuja alasiri. Dada alikuwa amefunga saluni kwa wateja. Mama yake Popo alisimama mlangoni amekumbatia mkoba wake, hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Ulijua?" dada akauliza, hata salamu hazijakamilika.

"Nilijua," mama akajibu. "Nilikuwa namfulia mashati. Nilijua nikanyamaza."

"Miaka yote nimeishi nikidhani hakuna aliyejua. Kumbe mlijua. Sielewi lipi linanitia kinyaa zaidi."

"Hata mimi najitia kinyaa, mwanangu."

"Sikusamehe."

"Sikuja kuomba hilo. Sina uso wa kuliomba."

"Umekuja kuomba nini, basi?"

Mama akamtazama mwanawe, akamtazama Bi Futi. "Nimekuja kuposa."

Dada akacheka, kicheko kikavu kilichomshtua hata yeye. "Umekuja kuposa kwangu? Leo?"

"Leo ndiyo siku uliyoniita."

Dada akamgeukia mdogo wake. "Unampenda?"

"Nampenda," Bi Futi akasema. "Na akisimama vile alivyosimama sasa, bega limeinama, namwona yule mzee na nataka kutapika."

Popo akanyoosha bega haraka. "Na mimi nikinyoa kwenye kioo namwona," alisema. "Sikuahidi kwamba itakwisha, Bi Futi. Nakuahidi tu kwamba nikijua kitu, utakijua. Sitakufichia tena, hata cha kukufurahisha. Unioe... yaani, nikuoe. Ukitaka."

"Sijui kama nitaacha kuona kinyaa."

"Ukiona, niambie. Nitakaa mbali mpaka kiishe, kisha nitarudi."

Bi Futi akalitazama bega lililonyooka. "Nataka," alisema. "Lakini mkubwa wangu ni yule pale."

Wote wakamgeukia dada. Alikuwa akikunja taulo, akaikunja tena, akaipanga juu ya nyingine.

"Sijibu leo," alisema. "Nimechoka. Nendeni mkatembee, mama atabaki hapa tumalize maneno yetu, maana hayajaisha hata nusu."

Wakatoka. Barabarani jua lilikuwa bado kali, magari yamepanga foleni kituoni, na wao wawili wakatembea na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Hawajafika mbali, mlango wa saluni ukafunguliwa nyuma yao kwa kishindo.

"We Popo!" dada akaita, mtaa mzima ukisikia. "Na hizo nywele! Njoo kesho asubuhi kabla sijapata wateja, nikunyoe. Siwezi kuwa na shemeji mwenye kichwa kama hicho!"

Mlango ukafungwa.

Popo akasimama katikati ya njia. "Umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia," Bi Futi akanong'ona, akiingia kwenye ile nafasi iliyokuwa katikati yao. "Tembea, nyamaza. Asije naye akagundua alichosema."